Safari ya Moonee



Naomba tuanze na ng'ombe. Katika The Florida Project, filamu ya Sean Baker ya mwaka 2017, mtoto wa miaka sita aitwaye Moonee anampeleka rafiki yake Jancey nyuma ya majengo, hadi kwenye uwanda wenye ng'ombe wanaojilia majani. Hapo anamtangazia kwa fahari kwamba amempeleka safari. Analitamka neno letu lilelile.

Moonee na mama yake, Halley, wanaishi katika moteli ya rangi ya zambarau mjini Kissimmee, Florida, kando ya barabara kuu namba 192. Jirani yao ni Walt Disney World, na ndani ya Disney, tangu 1998, ipo bustani ya wanyama ambako mgeni hulipa kiingilio, akapandishwa gari na kuzungushwa kutazama twiga na tembo. Matembezi hayo yanaitwa Kilimanjaro Safaris. Kijiji cha kuigiza kilichojengwa pale kinaitwa Harambe. Majina yetu yamevuka bahari yakatiwa bei, na mtoto anayekaa jirani hawezi kuyalipia. Basi anajitengenezea safari kwa ng'ombe wa watu, tena hataki kuifaidi peke yake.

Halley hulipia chumba kidogo kidogo, maana hana fedha za kutoa kwa mkupuo apange nyumba. Mpangaji wa Dar es Salaam aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi sita anajua habari hiyo. Tena kuna wakati hulazimika kukihama chumba kwa usiku mmoja, asije akahesabika mkazi. Meneja, Bobby, anayeigizwa na Willem Dafoe, anamdai kodi huku akiwachunga watoto kama wake.

Urafiki wa Moonee na Jancey ulianzia kwenye mate. Moonee na wenzake walilitemea gari la bibi yake Jancey, wakaamriwa kulisafisha. Jancey, asiye na kosa, akashika kitambaa akafuta nao. Baadaye tunawaona wakilamba aisikrimu moja kwa zamu, ya pesa za kuombaomba.

Maofisa wa ustawi wa jamii wanapokuja kumchukua, Moonee anakimbilia mlangoni kwa Jancey. Analia hata maneno hayatoki. Jancey anamshika mkono, wanakimbia mpaka ndani ya Disney, mbele ya kasri. Wapo walioona mwisho huo ni ndoto tupu. Siafikiani nao. Jancey aliwahi kupelekwa safari. Sasa ni zamu yake kumpeleka mwenzake.

Karibu filamu nzima ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35. Mbio hizo za mwisho Baker alizipiga kwa simu ya mkononi, ndani ya Disney yenyewe, bila kuwaarifu wenyewe.