Mgeni na Daftari: Maneno kwa Vijana Wanaohama Shule na Wanaoiuzia Shule



Kila shule zinapofunguliwa mwezi Januari, miongoni mwa wanaowasili Tabora wamo vijana waliowafuata wazazi wao waliohamishwa kikazi: karani wa mahakama, muuguzi, mwalimu, askari. Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtumishi, lakini mzigo wake hubebwa na nyumba nzima, na aghalabu sehemu iliyo nzito humwangukia mtoto wa miaka 13 au 14 ambaye hakuulizwa neno. Amewaacha rafiki zake, na walimu wapya hawalijui jina lake. Kabla hajamaliza mwezi, shule yaweza kumtaka auze asali, karanga au tiketi za tamasha, ili zipatikane fedha za jezi au za ziara ya masomo.

Ugeni na kuuza ni mambo mawili ambayo Tabora imeyafahamu tangu zamani. Mji huu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliujua kwa jina la Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi, kwa safari ya miezi. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba hata watoto wa miaka sita au saba walionekana wamebeba pembe ndogo za ndovu begani, wakijifunza kazi ya baba zao.

Mnyamwezi aliyeshuka pwani alikuwa mgeni katika kila nchi aliyopita. Kilichomlinda hakikuwa nguvu ya mabega peke yake. Palikuwapo utani. Mtani wake wa Kizaramo au wa Kizigua alimcheka na kumkejeli, lakini ndiye aliyempa chakula, na ndiye aliyemzika alipofia ugenini. Utani uliambatana na wajibu. Kejeli isiyo na wajibu haikuwa utani; ilikuwa matusi.

Hata hivyo njia ile haikuwa ya sifa tupu. Ilipitisha pia watu waliotekwa na kutiwa minyororo, wakaenda kuuzwa pwani na Unguja. Kwa hiyo mji huu wapaswa kuijua vema tofauti kati ya mtu anayeuza bidhaa na mtu anayegeuzwa kuwa bidhaa.

Yafaa kwanza kusema juu ya kuhama. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, na mwaka 1937 akaja Shule ya Serikali ya Tabora, mbali na kwao, kati ya wavulana wa makabila mengi. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, naye alipata kusoma hapo. Baada ya Makerere, Mwalimu alirudi kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, tangu 1946 hadi 1949. Mji uliompokea akiwa mwanafunzi mgeni ulikuja kumpata akiwa mwalimu.

Kijana anayehama asiondoke shule ya zamani mikono mitupu. Na ahakikishe barua ya uhamisho na rekodi za maendeleo yake zimekamilika, kisha abebe madaftari yake yote, hata yaliyojaa. Akifika, swali lake la kwanza kwa kila mwalimu liwe hili: darasa limefika wapi? Akiisha kujua pengo lake, aazime daftari la mwenzake na kunakili kidogo kidogo. Asiisifu shule aliyotoka kila anapofungua kinywa, wala asiitukane ili kuwapendeza wenyeji. Asitafute kundi zima la marafiki kwa siku moja. Rafiki mmoja mwaminifu atosha kuanzia. Akitaniwa, na acheke pamoja na wenziwe. Akipigwa, akinyang'anywa au akitukanwa kwa kabila lake, dini yake au maumbile yake, na amwambie mwalimu siku ile ile. Huko si kuchongea, kwa maana mpaka wa utani umekwisha kuvukwa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto aambiwe habari za uhamisho mapema. Ikiwezekana ahame mwisho wa muhula, na mwaka wa mtihani wa taifa uepukwe kabisa, kwa sababu mtahiniwa husajiliwa kwa shule yake na kumsogeza ni kazi ngumu.

Sasa juu ya kuuza. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu mwezi Machi 1967, haikutaka wanafunzi wawe vibarua wa shule. Ilitaka walime na kuzalisha huku wakijifunza, waone matokeo ya jasho lao, na washiriki kuamua mapato yatumiwe vipi. Palipokosekana sharti hilo la mwisho, wanafunzi walilima, mazao yakauzwa, na fedha hawakuzisikia tena. Shule iliyofanya hivyo haikufundisha kujitegemea. Ilifundisha unyonyaji, tena kwa vitendo.

Kinga yake ni hesabu. Na iwe mfano: darasa linanunua chupa 20 za asali kwa shilingi 5,000 kila moja. Hizo ni 100,000. Vifuniko na karatasi za jina ni shilingi 500 kwa kila chupa, nazo ni 10,000. Zikiuzwa zote kwa 7,000, zitaingia 140,000. Wengi hushangilia hapo kwamba shule imepata 140,000, kumbe faida ni 30,000 tu. Chupa mbili zikikosa mnunuzi, fedha mkononi zitazidi gharama kwa 16,000. Kijana aliyeielewa hesabu hii amepata somo ambalo hata watu wazima wengi walifunga duka kwa kulikosa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila shilingi iandikwe siku ile ile, fedha zihesabiwe na watu wawili, zikabidhiwe kwa mwalimu kwa stakabadhi, na mwisho hesabu isomwe mbele ya wanafunzi wote. Asali ya miombo ya Unyamwezi ina jina jema. Anayeichanganya na sukari anaiba jina la mkoa mzima.

Usalama nao una kanuni zake. Wanafunzi wauze wawili wawili, mchana, baada ya masomo. Mnunuzi anayemtaka msichana aingie ndani ndipo apewe fedha huyo si mnunuzi. Aachwe, na habari zake zifikishwe kwa mwalimu mara moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Aidha, elimu bila ada ilianza Januari 2016, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za umma. Kwa hiyo kumpa mtoto chupa kumi na kumwambia zisizouzwa atazilipa mzazi ni kuurudisha mchango wa lazima kwa mlango wa nyuma.

Na hapa ndipo mambo haya mawili yanapokutana. Mwanafunzi mwenyeji ana shangazi, ana majirani, ana wateja kabla hajaanza. Mgeni hana hata mmoja. Walimu wakigawa idadi sawa kwa wote, watadhani wametenda haki, kumbe wamemwaibisha mtoto ambaye kosa lake ni kwamba Serikali ilimhitaji baba yake mahali pengine. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini awe jembe analoweza kulishika. Mgeni na apewe daftari. Kwa kuwa hana ndugu wala kundi, hana wa kumpendelea. Kwa kuandika hesabu za kila mwenzake, atayajua majina yote ya darasa kwa juma moja, na wote watalijua jina lake. Ataanza na kazi ya kuaminiwa, na hakuna kinachofuta ugeni upesi kuliko kuaminiwa.

Ndugu Walimu, ni wajibu wa watu wazima kupima mzigo kabla ya kumtwika mtoto. Nanyi vijana mliohamia shule mpya, shikeni kalamu, ulizeni mlipofika wenzenu, na hesabuni fedha za watu mbele ya watu.