Mbwa Mnene Si Sifa ya Nyumba

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji, kwetu Singida ukimwambia mtu "umenenepa" umemsifu. Maana yake ni kwamba maisha yamemkubali. Sasa naona sifa hiyo tumeihamishia kwa mbwa na paka. Mgeni akiingia uani akamkuta mbwa amejaa kama gunia la alizeti, husema, "Kweli nyumba hii ina neema," na mwenye nyumba hutabasamu. Jioni hii nataka kusema kwamba jambo hilo si la kutabasamia.

Huenda wako watakaoniuliza: je, tumemaliza shida zote hata tuzungumzie mbwa wanene? Swali hilo ni la haki. Huko Ikungi, Mkalama au Manyoni, mbwa anayefuata ng'ombe na mbuzi tangu alfajiri hadi magharibi hana nafasi ya kunenepa. Mara nyingi mbavu zake zinahesabika, na huyo anahitaji kuongezewa chakula. Wala tusidanganywe na mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa huku mbavu zimetoka. Ule si unene. Mara nyingi ni minyoo, na dawa yake huulizwa kwa afisa mifugo.

Lakini hapa mjini mambo ni mengine. Mbwa hushinda kwenye mnyororo au bandani. Usiku hufunguliwa, akazunguka ukuta mara mbili, kisha akalala mlangoni. Kazi hana, lakini makombo ya nyumba nzima ni yake: ugali, ukoko wa wali, na mchuzi pamoja na mafuta yake.

Tuyatazame hayo mafuta, maana huu ni mkoa wa alizeti na chupa haikosekani jikoni. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Mbwa wa kilo 10 asiye na kazi nzito hutosheka na kalori 500 hadi 600 kwa siku. Basi vijiko viwili vya mafuta vilivyobaki kwenye sufuria vimekwisha kumpa karibu nusu ya mahitaji yake kabla hajagusa ugali. Kisha mtoto anamtupia andazi, na mlinzi anamgawia chakula chake cha usiku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni tumbo la mbwa.

Hasara yake ni nini? Mbwa mnene huumwa viungo mapema, moyo hufanya kazi kupita kiasi, na jua likiwaka hushindwa kupumua vizuri. Paka mnene yuko karibu zaidi na kisukari. Huko Marekani, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Waliwekwa wawili wawili, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula kidogo waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Miaka 2 ni mingi kwa mnyama anayeishi miaka kumi na kitu.

Tena hasara inamrudia mwenye mali. Mbwa asiyeweza kukimbia hamzuii mwizi. Paka asiyeweza kuruka hasaidii ghala la mtama wala uwele.

Utamjuaje kuwa amezidi? Kunja ngumi, kisha pitisha kidole juu ya vifundo vyake. Mbavu za mnyama zikiwa hivyo, amekonda. Sasa nyoosha kiganja, upapase mgongo wake. Mbavu zikiwa hivyo, yuko sawa. Geuza, upapase upande wa ndani, penye nyama. Mbavu zikijificha namna hiyo, amenenepa. Msimamie pia umtazame kwa juu: mnyama mwenye afya ana kiuno.

Ukishajua, mpime uzito. Mizani ya mazao inatosha. Mbebe upande naye, kisha upande peke yako, utoe. Baada ya hapo chagua kopo moja liwe kipimo chake, na mtu mmoja nyumbani awe ndiye mlishaji. Punguza robo ya alichokuwa akila, gawa mara mbili kwa siku, na mafuta yakome. Mbwa wa kilo 20 apungue gramu 200 hadi 400 kwa wiki, asizidishe hapo. Aliyehasiwa huhitaji chakula kidogo kuliko wenzake. Watoto, wenye mimba na wanaonyonyesha tusiwapunguzie kitu.

Halafu mbwa atembezwe. Alfajiri, kabla jua halijapanda, mtoe kwa kamba hata mwendo wa nusu saa kando ya Ziwa Kindai au Singidani. Aliyenenepa sana aanze kwa dakika 10, aongezwe polepole.

Kuhusu paka nawaomba mnisikilize vizuri. Wako wanaoamini kwamba paka ashindishwe njaa ili akamate panya. Si kweli, paka aliyeshiba huwinda vilevile, maana kuwinda ni silika yake. Na paka mnene akinyimwa chakula kabisa kwa siku mbili tatu, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, ini likashindwa kazi, na paka akafa. Kwa hiyo apunguziwe kidogo kidogo. Paka wa kilo 6 akipungua robo kilo kwa mwezi inatosha. Umpunguzie ugali na wali, umwachie dagaa na nyama, kwa kuwa paka ameumbwa kula nyama. Akikataa kula siku nzima, mwone daktari wa mifugo.

Nina onyo jingine, nalo linatuhusu sana sisi wenye vitunguu na kuku wa kienyeji. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa na paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyochoma koo na utumbo. Tusiwape makombo yenye vitu hivyo, wawe wanene au wembamba.

Ndugu wasikilizaji, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tuwatunze wanyama tunaowamiliki. Kutunza si kujaza bakuli tu. Mbwa hafunui sufuria mwenyewe. Unene wake umetoka mkononi mwetu, na dawa yake iko mkononi humo humo. Utakapompeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, usiondoke kabla hujamwomba mtaalamu ampapase mbavu na kukuambia ukweli. Ukweli huo hauna malipo, na huenda ukampa mlinzi wako miaka 2 zaidi ya kukubwekea wezi.

Nawatakieni usiku mwema.