Mafuta ya Manjano Tumboni mwa Broila

Juzi hapa Tulia mama mmoja alileta kliniki mtoto wa miezi tisa ambaye uzani wake haujapanda kwa miezi miwili. Nikamuuliza, mama, unampikia nini? Uji na viazi. Na nyumbani ana broila ishirini! Alipochinja mmoja alikuta bonge la mafuta ya manjano, jirani akamwambia hiyo ni dawa ya kukuza kuku. Tangu hapo anauza wote, mtoto haonji.

Akina mama, ile si dawa. Kifaranga akianguliwa ana mafuta kidogo sana. Wiki za kwanza, seli za kuwekea mafuta huongezeka kwa wingi. Baadaye hujaa na kuvimba. Ini la kuku hugeuza wanga wa mahindi kuwa mafuta, nayo damu huyapeleka chini ya ngozi na tumboni, karibu na firigisi. Rangi ya manjano hutokana na mahindi ya manjano na majani anayokula.

Broila ni mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi ili ikue upesi. Kwa wiki sita hivi yuko tayari. Ukimweka zaidi ukingoja bei, chakula kingi huishia kuwa mafuta, hasa kwa tetea. Ukimlisha mahindi matupu kwa sababu chakula cha dukani ni ghali (na kweli ni ghali), atakosa protini na kunenepa tumbo. Hata hivyo, kuku wa kilo mbili kwa kawaida huwa na gramu 40 hadi 60 tu za mafuta ya tumboni.

Cha kuangalia ni hiki: kuku akitibiwa, usimchinje wala kumuuza kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kuisha.

Mtoto aliyetimiza miezi sita mpe nyama iliyoiva kabisa, uikatekate na kuiponda, na kipande kidogo cha ini kwa ajili ya damu. Mafuta kidogo kwenye mchuzi yanamfaa, yanampa nguvu. Nyanya mwenye presha ndiye wa kutolewa ngozi na lile bonge.

Yule mama alikubali kuchinja mmoja Jumamosi. Mtoto nitampima tena mwezi ujao.