Mtakwimu na Chama Chake



Nchi isiyojua idadi ya watu wake na ya magunia yaliyomo ghalani hupanga mambo yake gizani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania, na miongoni mwa makarani waliopita nyumba kwa nyumba walikuwamo walimu. Lakini kuhesabu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuilinda hesabu, na hapo ndipo chama cha kitaaluma cha watakwimu kinapohitajika.

Mwaka 1834 chama cha namna hiyo kiliundwa mjini London. Nembo yake ilikuwa mganda wa ngano, na wito wake ulimaanisha kwamba kupura ni kazi ya wengine: mtakwimu avune tu, wengine wachambue. Wito huo haukudumu. Mwaka 1858 chama hicho kilimpokea Florence Nightingale, mwanachama wake wa kwanza mwanamke, aliyeonyesha kwa takwimu kwamba katika vita vya Crimea maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha.

Hesabu chungu haikosi adui. Huko Ugiriki, Andreas Georgiou alikabidhiwa ofisi ya takwimu mwaka 2010. Ofisi hiyo ikaonyesha kuwa nakisi ya mwaka 2009 ilizidi ile iliyotangazwa awali. Umoja wa Ulaya ulizikubali hesabu hizo. Hata hivyo alishitakiwa, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, kilichosimamishwa, kwa kuzipeleka bila idhini ya bodi. Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, iliyoanzishwa mwaka 1885, pamoja na vyama vya Uingereza na Marekani, ilimtetea hadharani. Mzigo kama huo haubebwi na mtu mmoja.

Lakini chama si ngao tu, ni kiboko pia. Mwaka 1985 Taasisi hiyo ilipitisha kanuni za maadili ya kazi, na msingi wake ni huu: mtakwimu atunze siri za waliohojiwa, wala asipindishe matokeo. Chama kisichowakanya wazembe wake hakina haki ya kuwatetea waadilifu.

Wajibu huo haumwachi mwalimu mkuu anayejaza idadi ya wanafunzi, wala karani wa wilaya anayejumlisha. Tarakimu ya uongo katika daftari la shule huwa upungufu wa madawati katika mpango wa taifa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na taifa lifichalo hesabu zake huumbuliwa na njaa.