Msione Haya Kumwita Muuguzi



Mzee anaweza kulazwa kwa nimonia, akapona, kisha akavunjika nyonga akielekea msalani usiku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio na zaidi ya miaka 60 ndio wanaoathirika zaidi.

Wodini, dawa za presha na za usingizi huweza kuleta kizunguzungu, na miguu hulegea kwa kulala siku nyingi. Ndiyo maana muuguzi huuliza: Amewahi kuanguka? Anatumia mkongojo? Mwambieni ukweli. Majibu yenu humsaidia kuamua kushusha kitanda, kufunga magurudumu yake au kumlaza mgonjwa karibu na meza ya wauguzi.

Lakini muuguzi mmoja huhudumia vitanda vingi, na wapo wagonjwa wanaojiinukia wakisema, "Nisimsumbue sista." Kumwita si usumbufu, ni kazi yake. Mgonjwa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, avae viatu visivyoteleza, ndipo asimame akiwa ameshikwa.

Nanyi jamaa, kabla ya kuondoka muda wa kuwaona wagonjwa ukiisha, mwachieni maji, miwani na mkongojo pale mkono wake unapofika. Mkiona sakafu ina maji, semeni.

Akianguka, msimwinue kwa pupa. Mwiteni muuguzi amkague kwanza, hata kama mgonjwa anasema haumii. Jeraha lililofichwa halitibiwi.