Ukingo wa Sentimita 15

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kidogo sana, nacho ni ukingo wa zege unaotenganisha barabara ya lami na njia ya waendao kwa miguu. Kimo chake katika nchi nyingi ni sentimita 15 hivi. Mtu mwenye miguu mizima huupanda bila hata kujua kwamba ameupanda. Aliye katika kiti cha magurudumu huufikia akasimama, na safari yake ikaishia hapo, hata kama ofisi ya posta anayoiendea iko hatua kumi tu mbele ya macho yake.

Mfano utakaotumika ni wa Marekani. Yamkini wapo watakaoshangaa, kwa kuwa nchi ile haisifiki kwa kuwahurumia wanyonge wake, na barabara zake nyingi zilijengwa kwa ajili ya gari kwanza na binadamu baadaye. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo mfano wake una manufaa. Mahali ambapo gari limetawala kiasi kile, ugomvi baina ya barabara na mtu anayeikata umekuwa wazi: umefikishwa mahakamani, umepimwa kwa inchi, na umewekewa sahihi. Tena ugomvi huo una sura ya pekee katika miji midogo iliyopitiwa na barabara kuu, na miji ya namna hiyo imejaa Tanzania pia.

Mji mdogo wa Marekani aghalabu una mtaa mmoja wa maana. Barabara kuu ya jimbo huingia mjini ikitoka mashambani, hupunguza mwendo, ikawa ndiyo mtaa wa maduka kwa muda wa nusu maili hivi, kisha ikatoka tena kuelekea mashambani. Benki, duka la dawa, kinyozi, mahakama na kanisa, vyote vimejipanga juu yake. Majengo mengi yalijengwa kabla magari hayajawa mengi, na milango yake inafungukia moja kwa moja kwenye njia ya miguu. Basi mlemavu wa mji huo hana njia ya pili ya kupita. Akishindwa kuivuka barabara kuu ameshindwa kuutumia mji wake.

Sasa ni nani mwenye ukingo ule? Katika miji mingi, lami iliyo baina ya ukingo na ukingo ni mali ya idara ya barabara ya jimbo. Njia ya miguu iko chini ya halmashauri ya mji, na kwingine sheria ndogo za mji humtaka mwenye duka aitengeneze sehemu iliyo mbele ya mlango wake. Mteremko wa kumwezesha mtu wa kiti cha magurudumu kupanda na kushuka hukatwa katika ukingo, yaani mpakani hasa pa mamlaka hizo. Mhandisi wa jimbo husema kazi yake imeishia kwenye lami. Halmashauri husema barabara si yake, na mwenye duka husema yeye analipa kodi. Kila mmoja ana karatasi ya kuonyesha, na mlemavu hubaki chini ya ukingo. Watumishi wa umma waliopo hapa hawahitaji kufafanuliwa zaidi namna shughuli inavyoweza kufia baina ya mafaili mawili.

Haikuwa kwamba sheria hazikuwapo. Tangu miaka ya 1940, askari waliorudi vitani wakiwa vilema walikwisha kukatiwa miteremko katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, na ikaonekana kwamba jambo linawezekana. Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza kumbagua mlemavu katika shughuli yoyote inayopata fedha za serikali kuu. Kanuni za kuitekeleza zikacheleweshwa miaka minne. Mwezi Aprili 1977 walemavu zaidi ya 100, wakiongozwa na Judith Heumann na wenzake, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakakaa humo karibu wiki nne, wengine wakiwa bila dawa zao na bila watu wa kuwageuza usiku. Chakula cha moto waliletewa na Black Panther, chama cha Wamarekani weusi kutoka Oakland, jambo ambalo magazeti ya matajiri hayakulipenda kulikumbuka. Kanuni zikatiwa sahihi tarehe 28 Aprili.

Kisha ikaja sheria kubwa ya walemavu ya tarehe 26 Julai 1990. Hiyo ilivibana vyombo vyote vya majimbo na miji, vinavyopata fedha za serikali kuu na visivyopata. Kila mamlaka yenye wafanyakazi 50 au zaidi ilitakiwa kuandika mpango wenye ratiba ya kukata miteremko, ikianzia njia ziendazo katika ofisi za serikali na vituo vya usafiri, na ujenzi uwe umekamilika ifikapo Januari 1995. Miji yenye wafanyakazi pungufu ya 50 ilisamehewa kuandika mpango huo. Haikusamehewa wajibu wenyewe, lakini kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua hatima ya wajibu usiokuwa na mpango. Mwaka 1995 ulifika ukapita, na kando ya barabara kuu nyingi kingo zikabaki kama zilivyokuwa.

Kilichobadili mambo kilikuwa swali dogo ambalo kwa mara ya kwanza lingeweza kuonekana la kijinga: je, kutandaza lami mpya juu ya barabara ya zamani ni matengenezo ya kawaida, au ni kuibadili barabara? Sheria ilisema kwamba mtaa unapobadiliwa, miteremko ni lazima. Mji wa Philadelphia ulikuwa ukitandaza lami mpya na kuziacha kingo zilivyo, ukidai kwamba hiyo ni kazi ya matengenezo tu. Walemavu wakashtaki. Mwaka 1993 mahakama ya rufani iliamua kwamba kutandaza lami upya ni kuubadili mtaa, kwa kuwa kunaufanya ufae zaidi kwa wenye magari, na faida hiyo haiwezi kuwa yao peke yao. Mwaka 2013 wizara mbili za serikali kuu, ya sheria na ya uchukuzi, zikafafanua tena ili pasiwe na kisingizio: kuziba nyufa na viraka ni matengenezo, lakini tabaka jipya la lami kutoka njia panda moja hadi nyingine ni mabadiliko, na miteremko lazima ijengwe katika kazi hiyo hiyo.

Hapo ndipo haki ilipopata tarehe, na ikapata mwenyewe. Tarehe ni siku mtambo wa lami unapoingia mjini. Mwenyewe ni yule aliyeuleta. Hapana haja tena ya kubishana kwa barua kuhusu mpaka, maana anayeigusa barabara ameugusa na ukingo.

Waliochelewa walilipia. Jimbo la California, katika mapatano yaliyofikiwa mwishoni mwa mwaka 2009, lilikubali kutumia dola bilioni 1.1 katika miaka 30 kurekebisha njia za miguu na miteremko iliyo chini ya idara yake ya barabara. Makao makuu ya jimbo hilo, Sacramento, yalikwisha kushindwa kesi mwaka 2002 mahakama iliposema kwamba njia ya miguu yenyewe ni huduma ya umma, nayo yakakubali kutenga asilimia 20 ya fedha zake za uchukuzi kila mwaka hadi miaka 30. Jimbo la Oregon, ambalo barabara zake kuu ndizo mitaa mikuu ya miji mingi midogo, lilipatana na walemavu mwaka 2016 kwa ratiba ya miaka 15: asilimia 30 ya miteremko yenye kasoro iwe imetengenezwa kufikia mwaka 2022, asilimia 75 kufikia 2027, na yote ifikapo 2032. Halmashauri za miji midogo hulalamika kwamba hazina fedha, na hazisemi uongo. Hata hivyo kukata ukingo wakati mafundi na mitambo vipo tayari ni jambo moja, na kuvirudisha baada ya miaka 20 kwa amri ya mahakama ni jambo jingine kabisa.

Inafaa kusema kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani kwamba yatosha kumwaga zege pembeni na kuliteremsha. Kipimo kilichokubaliwa Marekani, na katika nchi nyingine nyingi, ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda idai sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa sentimita 180. Ukifupishwa kuwa mita moja, mwenye kiti hurudi kinyumenyume au hupinduka. Juu ya mteremko lazima pawe na uwanja wa kugeukia. Na njia ikilala upande zaidi ya sehemu moja kwa 48, kiti huvutwa barabarani hata kama mwenyewe anasukuma kwenda mbele. Chini yake pia pana hatari: lami ikitandazwa juu ya lami mara tatu au nne, barabara huinuka, na pale inapokutana na mfereji hujitokeza kizingiti au shimo ambamo magurudumu ya mbele hunasa. Maji ya mvua nayo hutuama hapo hapo.

Jambo gumu kuliko yote ni kwamba mteremko unaomwokoa mmoja unaweza kumwua mwingine. Asiyeona hutumia ukingo ule ule kuwa alama. Fimbo yake nyeupe ikiugonga, anajua kwamba barabara imeanza. Ukiuondoa ukingo, ataingia katikati ya malori akidhani bado yuko njiani. Jibu lilitoka Japan, ambako Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu vinavyosikika kwa mguu na kwa fimbo, na vya kwanza vikawekwa mjini Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Leo vinundu hivyo hutakiwa mwisho wa kila mteremko wa mtaani huko Marekani. Mwongozo mpya wa njia za miguu uliotolewa nchini humo mwaka 2023 umevisisitiza tena, na umetaka njia yenyewe iwe na upana usiopungua sentimita 122 bila kuzibwa na nguzo wala bango.

Ndugu walimu na watumishi, tukirudi nyumbani, sheria hapa nayo si ngeni. Baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, 1981, Tanzania ilitunga sheria mbili mwaka 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotaka majengo na mahali pa umma pafikike. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Halmashauri zina masoko, stendi na shule. Mgawanyo huo una mantiki yake katika utawala, lakini mwenye kusikiliza habari za Marekani atakuwa amekwisha kuona mahali ambapo mlemavu wa Chalinze, Mafinga au Makambako anaweza kuanguka katikati.

Tena katika miji ya namna hiyo kikwazo aghalabu si ukingo. Ni mtaro wa maji ya mvua uliochimbwa baina ya lami na maduka. Mwenye duka huuvusha kwa ubao au kwa kipande cha zege chenye upana wa mlango wake, wa jirani yake kikawa juu zaidi au hakipo kabisa, na bodaboda zikaegeshwa kwenye nafasi iliyosalia. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hulazimika kupita juu ya lami, pamoja na mabasi ya mikoani. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, mzee mwenye mkongojo, mchuuzi mwenye mkokoteni, na watoto wa darasa la kwanza wamo katika shida hiyo hiyo, ingawa hakuna anayewahesabu kuwa walemavu.

Ndiyo maana funzo la Philadelphia linafaa kuchukuliwa, na gharama ya California iachwe huko huko. Barabara inapotandazwa lami upya ndani ya mji, vivuko vya mitaro, miteremko na vigae vya wasioona vitajwe katika orodha ya kazi na gharama zake tangu zabuni inapotangazwa, kila kimoja kwa mstari wake na kwa idadi yake. Kisichotajwa humo mkandarasi hakijengi, na hana kosa. Ofisa ustawi wa jamii aitwe kwenye kikao cha usanifu, na waitwe walemavu wa mji huo wenyewe, kabla michoro haijagongwa muhuri. Wakiitwa siku ya kukata utepe watakuwa wamekuja kupiga makofi tu.

Na kukagua hakuhitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Mwalimu wa hisabati wa darasa la sita anaweza kuwatoa wanafunzi wake na rula, kamba na chupa ya maji iliyofungwa juu ya ubao, wakapima kivuko kilicho mbele ya zahanati. Wapime kimo kwa sentimita, wakizidishe kwa 12, kisha wapime urefu wa mteremko uliojengwa. Hesabu zile ziandikwe, zitiwe tarehe, na nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa meneja wa barabara wa mkoa, zote mbili kwa siku moja, kila barua ikitaja kwamba mwenzake naye ameandikiwa.