Mwalimu Naye Afundishwe
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma)



Mtoto asiyesikia vizuri akifaulu shule ya msingi, sisi hushangilia. Tunachanga karo, tunanunua sanduku. Lakini kule sekondari mwalimu anasema huku ameuangalia ubao. Mtoto haoni midomo. Muhula ukiisha anarudi nyumbani, nasi twasema, "Hana kichwa." Siyo kweli! Kichwa anacho. Mwalimu ndiye hakutayarishwa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumpeleke mtoto kituo cha kupima mahitaji yake kabla ya kuingia sekondari, tujue shida iko wapi.

Pili, katika mkutano wa wazazi tuulize: ni mwalimu gani amesomea elimu maalum? Kama hakuna, chuo cha serikali kipo Nairobi, kiitwacho KISE, tangu 1986. Mwalimu aweza kusoma huku akiendelea na kazi. Sisi tunaochangia harusi, hatuwezi kumchangia nauli?

Tatu, asingoje cheti. Leo hii amketishe mtoto mbele, amtazame usoni, amwandikie kazi ubaoni.

Katiba ya 2010 yampa mtoto huyu haki ya kusoma. Tuidai pamoja.